Waliolala Hapa

Kijana alinikuta nikipigana na kufuli. Kufuli la lango letu limeliwa na kutu, ufunguo unaingia lakini haugeuki, nami nilikuwa nimechuchumaa nikilitia mafuta ya kupikia niliyoomba kwa jirani, huku nikilitukana kwa sauti ya chini kwa sababu katika boma lile hatukulelewa kwa matusi. Nilikuwa nimetoka Kitale asubuhi hiyo, shule zikiwa zimefungwa, nije nifyeke nyasi na kuwafukuza popo. Yeye alikuwa na jaketi la rangi ya machungwa, kishikwambi kifuani na kopo dogo la rangi nyeupe mkononi.

"Sasa, madam," akasema. "Tunaandika manyumba za huku. Si mnajua mmewekwa tao?"

Nikamwambia nimesikia. Mpaka wa mji wa Bungoma umesogezwa, na kijiji chetu, ambacho zamani mtu alitoka alfajiri kwa miguu ndipo afike sokoni mapema, sasa ni mtaa wa mji. Sisi hatukusogea hata hatua moja. Mji wenyewe ndio uliokuja na taa zake za barabarani na maduka yake ya vioo, ukakaa mlangoni petu. Kijana aligusa kioo cha kishikwambi mara mbili tatu, akainua macho.

"Hapa mko watu wangapi?"

Swali jepesi, au siyo? Tena mimi ni mwalimu wa jiografia, na swali hilo ndilo linalonilisha. Kila mwaka nasimama mbele ya darasa pale Kitale, nachora ramani ya nchi ubaoni na kutia nukta mahali watu walipo, nyingi mijini, chache kwenye ukame, na kuwaambia watoto kwamba kila nukta ni watu elfu. Lakini asubuhi hiyo ulimi ulikataa. Nilimwomba akae kwenye jiwe la kunolea mapanga angoje kidogo, maana jibu ninalo ila limekwama. Akakaa, alikuwa kijana mwenye adabu. Nawe msomaji kaa naye hapo, nikueleze kilichonikaba.

Nilipokuwa mtoto, boma hili lilijaa watu hata kuku walikuwa wakikosa pa kulala. Bibi yetu, mama yake baba, tulimwita Kukhu, kama Wabukusu wanavyowaita bibi zao, na mambo yote ya pale yalianzia jikoni mwake na kuishia humo humo. Lilikuwa jiko la mviringo, la udongo, paa la nyasi, mafiga matatu katikati, na juu ya mafiga uchaga mweusi kwa moshi ambapo mahindi ya mbegu yalining'inizwa. Ukiingia, macho yanawasha kwanza, kisha unasikia harufu ya mrenda unaochemka, au kunde zilizotiwa maji ya majivu hadi zikalainika, na sufuria ya ugali wa wimbi na muhogo, mweusi na mzito, ule wa kumfanya mtu aliyekula saa sita asiulize chakula hadi kesho yake. Mvua za kwanza zilipoanguka tulikesha kwenye kichuguu tukigonga vijiti, tukiwadanganya mchwa kwamba mvua inaendelea ili watoke, na asubuhi tuliwala wakiwa wamekaangwa kwa chumvi. Upepo ukitoka upande wa Webuye ulituletea harufu ya kiwanda cha karatasi alikofanya kazi baba. Wageni waliziba pua. Sisi tulisema hiyo ni harufu ya baba.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Kukhu hakulifanya katu: hakuhesabu watu. Kuku alihesabu. Madebe ya mahindi alihesabu, na siku za kuatamia mayai, na Jumapili zilizobaki kufika Pasaka. Watu hapana. Ukimuuliza ana wajukuu wangapi alijibu, "Wapo." Ukishikilia, aliongeza kwamba wanatosha kumaliza chakula kisibaki. Aliamini, kama walivyoamini majirani zake wote, kwamba mtu aliyehesabiwa ni mtu aliyenyooshewa kidole, na yule anayepita akitafuta wa kuchukua atakuta orodha imeshaandaliwa.

Basi alijuaje kama sote tumeingia? Kwa magunzi. Nyuma ya ghala kulikuwa na lundo la magunzi ya mahindi yaliyopukuchuliwa, na kila jioni kila mtu wa boma, mkubwa kwa mdogo, alichukua gunzi lake na kwenda kuliweka kando ya mafiga. Hata baba, akirudi kutoka kazini, aliegemeza baiskeli ukutani, akapitia gunzi lake kabla ya kuvua viatu. Kukhu alilitazama lile fungu mara moja tu, bila kuligusa kwa kidole. Likipunguka alisema, "Moto haujatosha," na mama akatoka uwanjani kuita. Likitimia alisema, "Moto umetosha," ndipo ugali ukapakuliwa. Sijawahi kusikia maneno mawili yenye usalama kuliko hayo, na nimeyasikia maneno mengi.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa mjanja. Yeye hakuleta gunzi tupu. Alichokora lundo mpaka apate lenye punje zilizosahauliwa, akaliweka mafigani kwa uso wa mtakatifu. Kukhu alijifanya kukasirika, akazipukuchua zile punje, akazichoma pembeni mwa makaa na kumpa yeye peke yake. Sisi wengine tulinuna. Yeye alitafuna akitutazama mmoja mmoja.

Sasa nikueleze kuhusu Kiswahili cha Kukhu, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alijifunza Kiswahili mahali pawili, sokoni na kanisani. Sokoni aliokota bei, debe, ongeza, punguza, usinicheze. Kanisani aliokota maneno ya neema na maneno ya maziko. Mambo mengine yote, kula, kuoga, kugombana, kusinzia, alikuwa nayo kwa Kibukusu, na hakuona sababu ya kuyatafutia lugha nyingine.

Ulipofika wakati wa sensa, aliyetumwa kuandika kijiji chetu alikuwa mwalimu wangu wa darasa. Alikuwa mtu wa familia ya wakulima waliotoka Mkoa wa Kati wakakaa Trans-Nzoia, upande wa Kitale, naye akaletwa kwetu kufundisha. Kibukusu chake kiliishia kwenye salamu. Mimi nilikuwa na miaka tisa, wa kwanza kwa hesabu darasani, na asubuhi hiyo nilikuwa nimekaa juu ya kinu tangu nimalize chai ili mwalimu akiingia anione mimi kwanza. Aliingia na mkoba mpya begani, kalamu mbili mfukoni, akaamkua.

"Mama, habari ya boma?"

"Mzuri, mwarimu. Karibu kiti."

"Nimetumwa na serikali. Nataka kuandika watu wote waliolala hapa."

Kukhu aliweka chini ungo wa maharagwe. Alipangusa mikono kwenye leso polepole, na uso wake ukalainika kama siku anapokwenda kumpa mtu pole. Neno hilo alilijua. Pasta alilisema kila alipomwaga udongo wa kwanza kaburini: waliolala.

"Kumbe selikali inakumbuka," akasema. "Waliolala hapa ni watatu, mwarimu. Andika."

Mwalimu alitupia jicho kamba ya nguo, iliyokuwa imejaa kaptula na sketi za kila kimo, lakini hakubisha. Akafungua karatasi. "Wa kwanza?"

Kukhu akataja jina la babu. Mwalimu akaliandika kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni.

"Kazi yake?"

"Fundi wa chelehani."

"Ako wapi saa hii?"

"Si nimekwambia, amelala."

Mwalimu akalitazama jua, lililokuwa limeshapanda. "Mpaka saa hii? Ako mgonjwa?"

"Aliugua sana, bana. Lakini saa hii amepumzika."

"Basi tusimwamshe," mwalimu akanong'ona, na akaendelea kuandika akinong'ona.

Mama yangu, aliyekuwa akianika, alijijaza shuka mdomoni. Kukhu alimshika mwalimu mkono, akampeleka nyuma ya jiko, akamwonyesha matuta matatu yaliyozungushiwa mawe: babu, mama yake babu, na mtoto wa kwanza wa Kukhu aliyekufa kabla hajapewa jina. Mwalimu alivua kofia. Alisimama pale na kalamu yake, hajui aseme pole au aombe msamaha, na sisi watoto tulianguka kwa kicheko.

Ningekomea kwenye kicheko. Lakini mdomo uliponza kichwa, na wangu ulikuwa umengoja sifa tangu asubuhi.

"Siyo hao, Kukhu!" nikapaza sauti. "Anataka wazima! Mwalimu, ni sisi! Mmoja, wawili, watatu," na kidole changu kikawapitia wote: Kukhu, mama, baba aliyekuwa akitia upepo baiskeli, baba mdogo na mkewe, shangazi yangu, kaka yangu, watoto wawili wa baba mdogo, mimi mwenyewe nikijigonga kifuani, na mwisho mdogo wangu aliyekuwa amemkumbatia kuku. "Kumi na mmoja!"

"Hongera," mwalimu akasema kwa shukrani ya kweli. "Umehesabu vizuri."

Kukhu hakunitazama. Alimwambia, "Mwarimu, futa."

"Haifutiki, mama. Ni wino."

"Basi andika tu, tuko."

"Hakuna mahali pa kuandika tuko, mama. Wanataka namba."

"Tuko," Kukhu akarudia, taratibu, kama mtu anayemsaidia mgeni tamko.

Mwalimu akaandika majina yetu moja moja, akaweka alama ya chaki ukutani karibu na mlango, akanywa chai, akaenda boma la pili. Mama alimtania Kukhu kwamba amekuwa wa kwanza kuwaandikisha marehemu serikalini, tena yeye asiyehesabu watu amewataja kuwa watatu bila kusita. Kukhu alijibu bila kucheka. "Waliolala wanahesabika. Hao hakuna wa kuwachukua tena."

Kesho yake alikanda udongo na mavi ya ng'ombe, akasiriba ukuta. Hayakuwa majira ya kusiriba. Angeweza kupaka pale penye chaki tu, lakini alisiriba ukuta wote wa mbele kuanzia pembe hadi pembe, ili asiyejua asione kilichofichwa. Hakunigombeza. Afadhali angenichapa.

Mvua za masika zilipoanza, mdogo wangu alishikwa na homa. Tulingoja ishuke, tukimpa maji na kumwekea kitambaa, na kosa la kungoja huko ni letu sisi, si la mtu mwingine. Baba alimbeba kwenye baiskeli hadi barabarani, tope likimfika magotini, akapata gari la kuwafikisha hospitali ya misheni kule Lugulu. Waliokuwa zamu walimpokea kwa mikono miwili na kukaa naye usiku na mchana. Siku ya tatu wakamrudisha akiwa amefunikwa. Akawa wa nne nyuma ya jiko.

Jioni ya siku ya maziko, waombolezaji walipokwisha kuondoka, tulipeleka magunzi kama kawaida kwa sababu hakuna aliyetuambia tusipeleke. Nililiweka langu. Tukakaa. Kukhu alilitazama lile fungu kwa muda mrefu, na sote tukawa tunasikiliza. Hakusema moto umetosha. Hakusema haujatosha. Alichukua mwiko akapakua. Kuanzia siku hiyo hadi anakufa sikumsikia tena akisema mojawapo ya sentensi zile mbili.

Mimi nilikuwa wa kwanza kwa hesabu. Kumi na moja kutoa moja sikuhitaji kufundishwa. Najua habari za mbu, nazifundisha kila mwaka, najua maji yaliyosimama na mwezi wa hatari. Kichwa changu kinajua. Lakini hata leo nikiwa kwenye basi la ziara na mwenzangu akaanza kuwahesabu wanafunzi kwa kidole, natazama dirishani mpaka amalize.

Miaka michache baadaye baba mdogo alihamia Kitale kufanya kazi kwenye ghala la mahindi, akanichukua nikasome huko. Asubuhi ya safari nilimkuta Kukhu jikoni akimfunga kuku miguu, zawadi ya kwenda nayo. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nikamwambia, "Kukhu, ni mimi niliyehesabu."

Alikaza fundo. "Ulihesabu vizuri," akasema. "Mwarimu alikufunza." Akaniwekea kuku mikononi.

Sijui kama ulikuwa msamaha au hukumu. Nimeyageuza maneno hayo kila upande, nikiwa msichana, nikiwa mwalimu, nikiwa mama wa mtoto wangu mwenyewe, na kila upande unakata vilevile. Wakati wa kumuuliza ulikuwapo, miaka mingi, na kila mwaka niliogopa jibu.

Kitale niliipenda kwa sababu ya baridi yake ya asubuhi na kwa sababu hakuna aliyenijua. Malori ya mahindi yalipanga foleni hadi yakafunga njia, watu walisalimiana kwa lugha nne kabla ya kununua mkate, na mimi niliamini kwamba mji ni mahali ambapo mtu anaweza kuhesabiwa asidhurike. Jirani yetu alikuwa mama kutoka Kati, muuzaji wa maziwa na viazi, mwenye watoto waliokuwa wakitoka mlangoni bila kwisha. Siku moja nikiwa napima naye viazi nilimuuliza ana watoto wangapi.

"Tisa iliyojaa," akasema.

Nikawatazama wakicheza, nikaona mmoja amezidi. "Lakini mama, mimi naona ni—"

"Wacha!" akanikata, na mkono wake ukanifunika mdomo, ukinuka udongo wa viazi. Kisha akacheka kunituliza. "Hiyo ingine kwetu hatusemi. Mtoto wa mtu haesabiwi kama viazi, ama kwenu mnaesabu?"

Nilimjibu kwamba hata kwetu hatuhesabu. Nilienda nyuma ya choo nikalia mpaka kichwa kikauma. Nilikuwa nimehama kijiji hadi mji kulikimbia neno moja, na neno lilikuwa limefika kabla yangu, likakodi nyumba ya pili.

Baada ya hapo boma likaanza kumwagika. Hakuna aliyefukuzwa. Kaka yangu alienda Nairobi kwa mwezi mmoja, akakaa maisha. Watoto wa baba mdogo wakashika njia ya Eldoret. Shangazi aliolewa Suam, mpakani, akawa anavusha vitunguu kutoka Uganda. Kiwanda cha Webuye kilipofungwa, upepo ulikuja bila harufu yoyote, na baba alikaa kibarazani akiunusa. Hakuishi sana. Akawa wa tano, na kaka akaja kumchukua mama waishi naye mjini.

Kwa miaka kadhaa Desemba ilituokoa. Unaijua Desemba ya huku kwetu: Nairobi inabaki na walinzi, na barabara yote kuanzia Webuye inajaa magari yenye magodoro juu. Wajukuu wa mjini walishuka na Sheng yao, "Niaje, Kukhu," wakaogopa ndama, wakauliza choo kiko wapi kisha wakatamani wasingeuliza. Kukhu alichinja kuku hadi mbwa wakachoka mifupa. "Desemba nchi inakaa sawa," alikuwa akisema, nami nikamwambia hiyo ni jiografia bora kuliko ya vitabu vyangu. Kisha nauli ikapanda, mtoto akawa na mtihani, mke akawa na kwao. Mwaka mmoja walikuja nusu. Mwaka uliofuata tulikuja mimi na mkate. Mwishowe tukawa watu wa kukutana matangani.

Kuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza, nikiwa kwenye somo la nukta, "Mwalimu, pale hakuna nukta inamaanisha hakuna mtu?" Nikamjibu kama kitabu kinavyosema, kwamba wapo ila hawajafika elfu. Nikageukia ubao nikajifanya natafuta chaki. Nilikuwa nimemwona Kukhu, peke yake mbele ya mafiga, hajafika elfu. Waswahili wanasema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Sisi watu wa bara hata hiyo ngama ya jahazi hatuijui, marejeo yetu yalikuwa jiko lile, na mimi niliyekuwa karibu kuliko wote, mwendo wa saa mbili tu kutoka Kitale, nilirejea mara tatu kwa mwaka na kujipongeza.

Jirani aliyempelekea maziwa ndiye aliyemkuta asubuhi, amelala ubavu kitandani, mikono chini ya shavu. Nilipofika, jikoni hakuna aliyegusa kitu. Kando ya mafiga kulikuwa na fungu la magunzi, makavu, yamepangwa vizuri, hayajawashwa. Nikamwambia jirani kwamba hayo ni mengi mno kwa chai ya mtu mmoja.

"Si ndiyo kawaida yake," akanijibu. "Kila jioni anaenda kwa ghala, anarudi, anaenda tena, anarudi. Moja moja. Nikimwambia nimbebee yote mara moja, ati hapana, kila moja iko na mwenyewe."

Miaka yote hiyo, kila jioni, alikuwa akituletea magunzi yetu. La kaka wa Nairobi, la shangazi wa Suam, la mama. Langu mimi, niliyekuwa saa mbili kutoka pale nikisahihisha madaftari. Nilipopanda kusafisha uchaga nilikuta kifurushi cha leso kuukuu, na ndani yake gunzi dogo lenye punje saba nane zilizosahauliwa, nyeusi kwa moshi, ngumu kama changarawe. Nilikaa sakafuni nalo. Lile fungu la mafigani sikulihesabu.

"Madam," kijana akaniita. Nilikuwa nimemsahau kwenye jiwe lake. "Imekubali kutoka, hiyo jibu?"

Nikamuuliza kishikwambi chake kinataka nini hasa.

"Wenye walilala hapa jana. Wewe ulilala hapa?"

"Nililala Kitale."

"Na kuna mwenye alilala?"

"Waliolala hapa," nikamwambia, "ni sita. Andika."

Akafurahi, vidole vikakaa tayari. "Wa kwanza?"

"Babu yangu."

"Anafanya job gani?"

"Fundi wa cherehani."

"Sasa ako wapi?"

"Amelala."

Kijana aliinua macho kulitazama jua. Kisha akalitazama kufuli. Akazitazama nyasi zilizofika kiunoni, na dirisha lililoota mimea ya kutambaa, na mimi, na akavua kofia yake kama alivyoivua mwalimu wangu.

"Pole sana, madam," akasema. "Lakini hao hii kitu haiwezi kubali. Inataka tu wenye wako." Alinigeuzia kioo nione mwenyewe, hakutaka nidhani ni roho mbaya yake. Pale pa idadi palikuwa na sifuri. "Nyumba haina mtu tunaiwekea duara. Nikiweka hutakasirika?"

Nikamwambia aweke. Kufuli lilifunguka wakati huo huo, baada ya kunisumbua asubuhi nzima. Alipaka duara jeupe ukutani karibu na mlango, pale pale palipokuwa na chaki, akaniaga kwa heshima, akaenda kwenye jumba la ghorofa lililo upande wa pili, ambapo watu wanaishi wengi mlango kwa mlango na hakuna anayejua jina la mwenzake. Kukhu angekanda udongo. Mimi sina ng'ombe wa kunipa mavi, na mikono yangu imesahau kusiriba.

Najua mji utatupa maji ya mfereji na lami. Katika ramani nitakayochora mwaka ujao, hapa patapata nukta yake hatimaye, nyeusi, nene. Watakaoijaza sitawajua. Hawatajua kwamba hapa moto ulikuwa unatosha.

Nilichukua panga nikaenda nyuma ya jiko, nikafyeka hadi mawe yakaonekana. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu siku ile ya sensa. Nilinyoosha kidole, nikahesabu watu kwa sauti. Babu, mmoja. Mama yake, wawili. Mtoto asiye na jina, watatu. Mdogo wangu, wanne. Baba, watano. Kukhu, sita.

Hapo nikashusha kidole. Wa saba nilikuwa mimi, nimesimama, na walio hai hawahesabiwi. Nilitaka kumwambia Kukhu tuko, neno lile alilotaka mwalimu aliandike, nikatazama nyuma yangu kama kuna mwingine.

"Niko, Kukhu," nikasema, nikaendelea kufyeka.